Ufunguo wa Saa

Alasiri ya Aprili 30, 1873, kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mmisionari na tabibu David Livingstone alikuwa hoi kitandani. Akamwomba Susi amletee saa yake, akamwonyesha namna ya kuishika kiganjani ili yeye augeuze ufunguo polepole. Kabla ya mapambazuko alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, amefariki. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Mzazi wa Temeke, kijana wako hutazama saa kwenye simu. Ile ya babu iliyolala kabatini mwekee kiganjani, mfundishe kuitia ufunguo kila siku. Ajifunze kwamba muda ni zawadi ya Mungu, nayo yataka kutunzwa. Usingoje mpaka mkono wako uishiwe nguvu.