Seydou Keïta: Fundi wa Bamako aliyekupiga picha moja tu

Ukienda kwa Seydou Keïta kupigwa picha, kwa kawaida ulipata nafasi moja. Ukifumba macho, imekula kwako.

Haukuwa ubahili. Miaka ya 1950 mjini Bamako, Mali, filamu ilikuwa ghali, na kamera yake kubwa ya kusimamishwa kwenye miguu mitatu ilitumia kipande kizima cha filamu, sentimita 13 kwa 18, kwa picha moja nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo kazi yote aliifanya kabla ya kubonyeza. Alimgeuza mteja bega, akampangia mikono, akakiinamisha kichwa kidogo upande, kisha akasubiri. Mwanga ulikuwa wa jua, uani.

Keïta alizaliwa mwaka 1921 hivi, akafundishwa useremala tangu utotoni. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka safari ya Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa kijana. Picha za mwanzo zilimtoa jasho: watu walitikisika, wengine walitoka nusu. Kusafisha picha alijifunza kwa Mountaga Dembélé, mpiga picha aliyemruhusu kutumia chumba chake cha giza.

Mwaka 1948 akafungua studio nyumbani, karibu na gereza la Bamako. Nyuma ya wateja alitundika nini? Shuka la kitandani kwake, lenye matamvua. Mle ndani kulikuwa na suti, saa, kalamu, redio, hata skuta. Asiye nacho aliazima, akapigwa picha, akarudisha. Watu walipanga foleni, hasa Jumamosi.

Mali ikapata uhuru mwaka 1960. Miaka miwili baadaye serikali ikamtaka awe mpiga picha wake, na studio ikafungwa. Alistaafu mwaka 1977, akashika spana na kutengeneza injini. Maelfu ya negativu yalibaki kwenye masanduku.

Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilitundikwa kwenye maonyesho New York, Marekani. Chini yake hapakuwa na jina. Zilitajwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana, wakati mwenyewe alikuwa hai, anafahamika mtaani kwake! Mfaransa André Magnin alifunga safari hadi Bamako kumtafuta, akampata mzee na masanduku yake.

Mwaka 1994 Paris ikamfanyia maonyesho yake peke yake. Picha alizokuwa akiwapa wateja zikiwa ndogo za kushika mkononi, sasa zilikuzwa zikajaza kuta, na jina lake likiwepo.

Alifariki Paris Novemba 2001. Picha zake nyingi hazina tarehe, ila lile shuka linasaidia: kitambaa cha nyuma alikibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, hivyo wanaozitunza huangalia maua na matamvua ndipo wakadirie mwaka.