SIDI MUBARAK BOMBAY: MKALIMANI WA NJIA YA MISAFARA

Kila mwanafunzi aliyepita Tabora amesikia majina ya Burton, Speke, Stanley na Livingstone. Wachache wanalikumbuka jina la mtu aliyewasemea watatu kati ya hao walipofika katika mji wetu. Mtu huyo ni Sidi Mubarak Bombay. Katika toleo hili tunamweleza kwa ufupi, hasa kwa faida ya vijana wanaodhani kwamba kutafsiri ni kubadilisha neno moja kwa neno lingine tu.

Bombay alizaliwa katika Uyao yapata mwaka 1820. Alipokuwa kijana mdogo kijiji chao kilivamiwa, akatekwa, akapelekwa Kilwa na kuuzwa. Mnunuzi wake alimvusha bahari hadi Gujarat, India, akaishi huko utumwani miaka mingi mpaka bwana wake alipofariki naye akaachwa huru. Jina alilopewa na wazazi wake likapotea kabisa. Sidi ndivyo Wahindi walivyowaita watu wa asili ya Afrika. Mubarak ni jina la Kiarabu. Na Bombay ni mji. Hivyo ndugu yetu huyu alibeba katika jina lake njia yote aliyopitishwa. Kihindustani alichojifunza huko ndicho kilichokuja kumpa kazi.

Aliporudi Afrika Mashariki aliingia katika askari wa Sultani wa Zanzibar karibu na Pangani. Huko ndiko Burton na Speke walikomkuta mwaka 1857. Speke alikuwa afisa katika jeshi la India. Kiswahili alikuwa hakijui, lakini Kihindustani alikijua. Kwa hiyo swali lilitoka kwa Speke kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza kwa Kiswahili, na mahali ambapo Kiswahili hakikufika akatafutwa mtu wa tatu aliyeijua lugha ya wenyeji. Jibu nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara uliingia Kaze, yaani Tabora. Hapa palikutana Wanyamwezi, Waarabu, Waswahili wa pwani na wapagazi wa kila kabila. Msomaji atazame lugha zetu jinsi zinavyoonyesha njia. Kiswahili kilitazama bahari: kaskazini na kusini ni maneno yaliyotokana na pepo za kaskazi na kusi zinazoendesha majahazi. Kwa Kinyamwezi kaskazini ni sukuma, na kusini ni dakama. Hivyo jina la Wasukuma maana yake ni watu wa kaskazini, na aliyewaita hivyo ni mtu aliyekuwa amesimama kusini kwao. Mtu wa Lusu, kule Nzega, kwa mtu wa Tabora yuko upande wa sukuma. Kwa mtu wa Mwanza yuko upande wa dakama. Lusu haikuhama, aliyehama ni msemaji.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini liliwatesa wasafiri wale. Mwezi Machi 1858 Speke na Bombay walivuka Ziwa Tanganyika mpaka kisiwa cha Kasenge kwa Sheikh Hamed bin Sulayyim. Speke alirudi na habari kwamba mto mkubwa unatoka ziwani upande wa kaskazini. Furaha ilikuwa kubwa, kwani mto huo ungeweza kuwa ndio mwanzo wa Nile. Lakini Aprili, huko Uvira, wana wa mtawala wa nchi ile waliwaambia kwamba mto huo, Rusizi, unaingia ziwani. Ndipo Bombay alipoeleza kwamba Sheikh alikusudia hayo hayo, ila Speke hakumwelewa.

Neno la mkalimani halikumaliza ubishi. Mwaka 1864 Burton alikuwa bado anadai kwamba Rusizi unatoka. Hatimaye, Novemba 1871, Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi mpaka mdomoni mwa mto na kuona maji yakiingia ziwani. Bombay alikuwa amesema kweli miaka kumi na mitatu nyuma.

Katika safari ya pili ya Speke, Bombay alifika naye kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862. Hapo tena lugha ilionyesha desturi. Speke alimwambia Bombay, Bombay akamwambia Nasib aliyejua Kiganda, na Nasib akamwambia ofisa wa Kabaka, maana haikuwa adabu mgeni kumsemesha mfalme isipokuwa kwa kinywa cha mtu wake. Mara nyingi jibu lilichelewa mpaka Kabaka akawa ameshaingia katika mazungumzo mengine. Mtu angeweza kuyajua maneno yote na bado asisikilizwe, asipoijua heshima ya mahali.

Bombay hakuwa malaika. Aligombana na wenzake na pombe ilimpenda. Hata hivyo alirudi njiani na Stanley mwaka 1871, na tena na Cameron mwaka 1873. Alikuwa katika msafara huo hapa Unyanyembe, Oktoba 1873, Chuma na Susi walipofika na maiti ya Livingstone. Kisha akaenda na Cameron mpaka pwani ya Atlantiki, walikofika Novemba 1875. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku nishani ya fedha, na mwaka 1876 ikampa pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Vijana, ramani mnazosoma darasani zilichorwa na watu waliojua kuandika, lakini habari zake zilipita kinywani mwa mtu aliyejifunza lugha kwa taabu ya utumwa. Tunayojifunza kwake ni haya: unapomsikia mtu wa lugha nyingine, usiulize tu amesema neno gani. Uliza pia amesimama wapi anapolisema, naye anamwambia nani.