Babur na Bustani Yake ya Kabul

Zahiruddin Muhammad Babur alizaliwa mwaka 1483 katika bonde la Fergana, ambako leo ni Uzbekistan. Alitawazwa angali mtoto wa miaka 11. Alinyang'anywa nchi yake, akatangatanga, hata mwaka 1504 akautwaa mji wa Kabul. Mwaka 1526 alishinda vita vya Panipat, akaanzisha ufalme wa Wamoghuli huko Bara Hindi.

Lakini, ndugu msomaji, sultani huyu hakupenda upanga peke yake. Kila alipokaa alitengeneza bustani, na katika kitabu cha maisha yake aliitaja miti na matunda ya Kabul. Alifariki Agra mwaka 1530. Baadaye mwili wake ulihamishiwa Kabul, akazikwa bustanini katika kaburi lisilo paa, kama alivyotaka.

Vita vya miaka ya 1990 viliiangamiza bustani hiyo. Miti ilikatwa kuni, maji yakakatika, mabomu yakabaki ardhini. Kuanzia mwaka 2003, shirika la utamaduni la Aga Khan liliifufua. Mafundi walirejea maandishi ya Babur mwenyewe, wakapanda miti inayoizoea ardhi ile: mijozi kandokando ya ukuta, kisha miforosadi, mitini na milozi, na mikomamanga karibu na mfereji uteremshao maji ngazi kwa ngazi.

Ufalme wa Wamoghuli ulikwisha mwaka 1857. Kilichofaa watu baada ya karne nyingi ni yale majina ya miti aliyoyaandika marehemu.