Msomi wa sheria za China aliyemfuata twiga wa Malindi

PEPO mbili zinazopanga maisha ya wavuvi wa Majoreni, Kaunti ya Kwale, ndizo zilizopanga pia safari za merikebu za China zilizofika Afrika Mashariki karne sita zilizopita. Kaskazi ilizileta, kusi ikazirejesha.

Mkazi wa Majoreni akifika Shimoni na kuvuka hadi kisiwa cha Wasini, atakuta huko kaburi la mnara lililopambwa kwa kaure kutoka China. Lakini kaure peke yake haisemi ni nani aliyeileta. Huenda ilipitia mikononi mwa Wahindi na Waarabu, bandari baada ya bandari, bila Mchina hata mmoja kuiona pwani yetu. Ili kulijua hilo, alihitajika mtu wa kuzisoma nyaraka za dola ya China yenyewe.

Mmoja wa walioifanya kazi hiyo kwa makini zaidi alikuwa Mholanzi, Profesa Jan Julius Lodewijk Duyvendak, ambaye jina lake ni kubwa miongoni mwa wataalamu wa China ingawa wengi wetu hapa pwani hatujapata kulisikia.

Duyvendak alizaliwa tarehe 28 Juni 1889 huko Harlingen, mji wa bandari kaskazini mwa Uholanzi. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Leiden, kisha akajiendeleza mjini Paris. Mwaka wa 1912 alipelekwa Beijing kuwa mkalimani katika ubalozi wa nchi yake, na akakaa huko hadi 1918.

Hiyo haikuwa miaka ya kawaida. Mapema mwaka wa 1912 utawala wa kifalme uliodumu zaidi ya miaka elfu mbili ulianguka na jamhuri ikachukua nafasi yake. Mwishoni mwa 1915 Rais Yuan Shikai akajaribu kujitawaza mfalme. Mpango huo ulimshinda, akafariki Juni 1916, na nchi ikaangukia mikononi mwa wababe wa kivita. Mkalimani huyo kijana alikuwa katika mji mkuu wakati katiba ilikuwa karatasi na bunduki ndiyo sheria.

Kwa hiyo si ajabu, kwa maoni yetu, kwamba aliporejea Leiden kufundisha Kichina mwaka wa 1919 alivutwa na swali la kale: je, sheria ni ngao ya raia au ni fimbo ya mtawala? Jibu lake la kitaaluma lilitoka mwaka wa 1928, alipochapisha mjini London tafsiri ya Kiingereza ya Kitabu cha Bwana Shang, pamoja na utangulizi mrefu. Kazi hiyo ndiyo iliyompa pia shahada ya uzamifu.

Shang Yang, ambaye kitabu hicho kimepewa jina lake, alikuwa waziri katika dola ya Qin katika karne ya nne kabla ya Kristo. Mafundisho yake ni makali. Sheria iwe moja kwa mkubwa na mdogo, adhabu iwe nzito hata kwa kosa dogo, raia wajishughulishe na kilimo na vita tu, na dola iwe na nguvu kuliko watu wake. Qin ilipata nguvu hizo kweli, na mwaka wa 221 kabla ya Kristo ikaiunganisha China yote.

Mwenyewe hakuyaona matunda hayo. Mfalme aliyemlinda alipofariki mwaka wa 338 kabla ya Kristo, maadui wake walimgeukia. Masimulizi ya kale yanaeleza kwamba alipokuwa akitoroka alinyimwa malazi katika nyumba ya wageni kwa sababu sheria aliyoitunga yeye mwenyewe ilikataza kumpokea msafiri asiye na kitambulisho. Alikamatwa, na mwili wake ukararuliwa kwa magari ya farasi.

Duyvendak hakuishia kutafsiri. Alichambua lugha ya kitabu hicho sura kwa sura na kuonyesha kwamba ni kazi ya mikono kadhaa ya nyakati mbalimbali.

Mwaka wa 1930 alipewa uprofesa, na mwaka huo huo akaanzisha taasisi ya taaluma za China mjini Leiden. Taasisi hiyo ilisaidiwa na fedha za fidia ambazo China ilikuwa imelazimishwa kuyalipa mataifa ya kigeni baada ya uasi wa Boxer wa mwaka wa 1900.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Kati ya 1405 na 1433, amiri Zheng He, Muislamu kutoka Yunnan na towashi wa mfalme, aliongoza safari saba za baharini. Historia rasmi ya China ilikuwa imezichanganya tarehe zake. Katika makala ya mwaka wa 1939, Duyvendak alizinyoosha kwa kutumia maandishi mawili ambayo Zheng He na wenzake waliyaweka katika mahekalu kabla ya safari ya mwisho.

Januari 1947 alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha London, nayo ikatolewa mwaka wa 1949 kama kijitabu kuhusu namna China ilivyoigundua Afrika. Kiini chake ni mnyama. Mwaka wa 1414 twiga alifikishwa kwa mfalme Yongle kutoka Bengal, na Oktoba 1415 akafika mwingine kutoka Malindi. Yongle alikuwa amempokonya mpwa wake kiti cha enzi mwaka wa 1402, kwa hiyo alihitaji ishara ya baraka. Wasifu wa baraza walimtambua twiga kuwa ni qilin, mnyama wa ngano anayetokea zama za mtawala mwema. Duyvendak alihoji kwamba ni twiga huyo aliyezivuta merikebu hadi Afrika, kwani safari ya 1417 hadi 1419 iliwarudisha mabalozi wa Malindi kwao.

Alieleza pia jinsi kumbukumbu hizo zilivyopotea. Wasomi wa serikali waliwachukia matowashi na gharama zao. Yasemekana kwamba takriban mwaka wa 1477 ofisa Liu Daxia aliziondoa nyaraka za safari hizo katika wizara ya vita ili zisitumike tena.

Kasoro moja ya kijitabu hicho haina budi kutajwa. Wachina wana majina, vyeo na tarehe. Watu wa Malindi ni kivuli tu. Aliyemnasa twiga, aliyemlisha baharini, mabalozi wenyewe, hakuna anayetajwa. Ingawa kosa ni la nyaraka zaidi kuliko la msomaji wake, Duyvendak angeweza kulilalamikia.

Alifariki mjini Leiden tarehe 9 Julai 1954, akiwa na umri wa miaka 65. Kiti chake kilirithiwa na mwanafunzi wake, A. F. P. Hulsewé, aliyechapisha mwaka wa 1955 utafiti mkubwa kuhusu sheria za enzi ya Han. Nako Mambrui, kaskazini mwa Malindi, wachimbaji wa Kenya na China walipata mwaka wa 2010 sarafu ya shaba yenye jina la enzi ya Yongle.