Ludwig Guttmann, munganga aliyekataa kuacha wagonjwa wa mgongo wafe

Mashariki mwa Congo, jamaa nyingi zinajua hii hali. Kijana anapigwa risasi kwenye mgongo, ao anaanguka na pikipiki, ao udongo unamwangukia ndani ya shimo la madini. Anabaki na uzima, lakini miguu haisikii tena. Watu wanakuja kumsalimia, na wakitoka inje wanaanza kusema chini-chini kama maisha yake yameisha. Hata kule Ulaya, si zamani sana, wanganga wenyewe walifikiri vile vile. Mmoja wa wale waliobadilisha hayo mawazo ni Ludwig Guttmann.

Guttmann alizaliwa tarehe 3/7/1899 katika jamaa ya Wayuda, kwenye muji wa Tost. Wakati ule ulikuwa wa Ujerumani, leo ni Toszek, katika inchi ya Polandi. Alikomaa kwenye eneo la migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1917, mbele ya kuanza masomo ya unganga, alikuwa anajitolea kusaidia kwenye hopitali moja ya watu waliopata aksida. Siku moja wakaleta mchimbaji kijana, mwenye nguvu, aliyevunjika mgongo. Ludwig alipoanza kuandika habari za mgonjwa, munganga mkubwa akamwambia asijichokeshe, juu yule mtu atakufa kisha majuma kidogo. Kweli, hakumaliza hata miezi miwili. Guttmann hakusahau yule kijana mupaka uzee wake.

Akasoma unganga, akapata diplome mwaka 1924, akaenda kutumika Breslau chini ya Otfrid Foerster, aliyekuwa mmoja wa wanganga wakubwa wa ubongo na mishipa ya fahamu wa wakati ule. Lakini mwaka 1933 Hitler akaingia kwenye utawala, na wanganga Wayuda wakafukuzwa kwenye hopitali za serikali. Guttmann akaenda kutumika kwenye hopitali ya Wayuda ya Breslau, na kisha akafanywa kiongozi wake.

Usiku wa tarehe 9/11/1938, watu wa Hitler walichoma nyumba za sala za Wayuda inchi nzima na kukamata wanaume kwa maelfu. Guttmann aliwaambia wauguzi wafungulie mtu yeyote atakayepiga hodi, bila kuuliza sana. Asubuhi polisi ya siri ikafika na kuuliza sababu gani watu wengi hivi wamelazwa usiku mmoja. Akawatembeza kitanda kwa kitanda, na kila mtu akamtafutia ugonjwa. Kati ya watu 64, 60 waliokoka wasikamatwe.

Miezi kidogo nyuma ya pale, mwezi wa 3 mwaka 1939, yeye na bibi yake na watoto wao wawili wakafika Uingereza kama wakimbizi. Shirika moja lililosaidia watu wa masomo waliokimbia Hitler ndilo lilimpokea. Akapata nafasi ya kufanya utafiti juu ya mishipa ya fahamu kwenye muji wa Oxford. Lakini kwa mtu aliyeongoza hopitali nzima, kukaa kati ya vitabu bila wagonjwa wake mwenyewe ilikuwa kazi ngumu. Katika ile miaka aliandika pia ripoti kuhusu namna ya kurudisha maisha ya watu walioumia uti wa mgongo.

Mwaka 1943 serikali ya Uingereza ilikuwa inajitayarisha kuingiza askari Ufaransa, na ilijua kama majeruhi watakuwa wengi. Ikamuomba Guttmann aongoze kituo kipya cha wagonjwa wa uti wa mgongo. Wanganga wengine hawakutaka ile kazi, waliona ni kuchunga watu wanaongoja kufa. Yeye akakubali, lakini kwa sharti moja: asiingiliwe na mtu kwenye namna yake ya kutumika. Kituo kikafunguliwa tarehe 1/2/1944 kwenye hopitali ya Stoke Mandeville, na kilianza na mgonjwa mmoja.

Guttmann alikuwa ameelewa jambo moja. Wengi wa wale wagonjwa hawakuuawa na mgongo wenyewe. Mtu asiyesikia mwili wake hajui kama amelalia upande mmoja sana, kwa hiyo ngozi inaoza na kufanya vidonda. Mkojo nao unabaki ndani, unaleta mikrobe, na mikrobe inaingia kwenye damu. Hivyo viwili vinaweza kuzuiwa. Akatoa amri kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, muchana na usiku, bila kuruka. Akakataza zile plasta nzito zilizofunga mwili mzima, juu zilikuwa zinaleta vidonda. Mpira wa kutoa mkojo ulipaswa kuwekwa kwa usafi kabisa. Usiku yeye mwenyewe alikuwa anapita kuchungulia kama wauguzi wamegeuza watu.

Vidonda vilipoanza kupona, akaanza mambo ya pili. Hakutaka mgonjwa alale kutazama paa. Wagonjwa walifanya mazoezi ya mikono na kifua, walijifunza kukaa, kujiingiza wenyewe kwenye kiti cha magurudumu, na kazi ya mikono kama useremala ao kutengeneza saa. Alikuwa mkali. Wengine walilia na kumkasirikia, juu hakukubali mtu ajionee huruma. Lakini walimpa jina la Baba, na wengi walirudi kwao na kazi ya kufanya.

Michezo iliingia kwa njia hiyo hiyo. Wagonjwa walianza kucheza mpira kwa fimbo wakiwa kwenye viti, na Guttmann akaona kama mchezo unawapa nguvu ya mwili na hamu ya kuishi kupita mazoezi ya peke yake. Tarehe 29/7/1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London, alipanga shindano la kutupa mishale kwenye uwanja wa hopitali. Washindani walikuwa 16 tu, wanaume 14 na wanawake 2. Mwaka 1952 wakafika wachezaji kutoka Uholanzi. Mwaka 1960 michezo ikafanyika Roma, na watu karibu 400 kutoka inchi 23. Leo michezo ya Roma inahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Kati ya washindi wa Roma alikuwa Margaret Maughan, mwalimu Mwingereza aliyeumia mgongo kwenye aksida ya motokari mwaka 1959 kule Nyasaland, leo Malawi. Alipelekwa Stoke Mandeville, na mwaka uliofuata akapata medali ya dhahabu katika kutupa mishale.

Guttmann alipewa cheo cha Sir mwaka 1966. Alikufa tarehe 18/3/1980, akiwa na miaka 80. Mwaka 2012 Paralimpiki ilirudi London, na Margaret Maughan, akiwa mzee kwenye kiti chake, ndiye aliwasha moto wa ufunguzi. Katika michezo ile ile, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilishiriki kwa mara ya kwanza.

Kwa jamaa zenye mgonjwa wa mgongo nyumbani, kile Guttmann aliacha si mashine ya bei kali. Mtu aliyeumia mgongo asikunjwe wala kubebwa ovyo, anyooshwe kwenye ubao na apelekwe hopitali. Na wanganga wakisha kuonyesha namna ya kumgeuza, mikono ya ndugu inaweza kuendelea nyumbani, kila saa mbili, hata usiku. Ni kazi ya kuchokesha, na inaomba watu wapokezane. Kule Stoke Mandeville, kila mgonjwa aliyerudi nyumbani alianzia pale.