Bwana Msa na Mwandishi Wake

Wasomaji wetu wa Mbeya na Iringa walijua sana jambo hili. Mtu amelala jioni akiwa mzima, asubuhi akutwa amekufa. Na kabla kaburi halijachimbwa, jina la bibi kizee fulani limekwisha kutajwa kilabuni kuwa ndiye mchawi aliyemwua. Ndiyo sababu leo twapenda kusimulia maisha ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye hadithi zake za upelelezi zilifundisha njia iliyo bora.

Alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliingia Idara ya Afya, akawa mkaguzi kwa muda wa miaka 10. Mkaguzi wa afya hutafuta chanzo cha maradhi katika maji, takataka na mazalio ya mbu, wala si katika uvumi. Nasi twadhani mazoea hayo hayakumwacha kamwe. Mwaka 1948 aligeukia magazeti, akawa mhariri wa Zanzibari, kisha akasaidia uhariri wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Tangu mwaka 1958 hata alipostaafu mwaka 1968 alihariri Mkulima, gazeti la kilimo.

Katika mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza; ikatoka kitabu mwaka 1960. Humo ndimo tunamokutana na Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Uingereza ilikuwa na Sherlock Holmes, aliyebuniwa na daktari Arthur Conan Doyle; walakini fumbo la Bwana Msa ni la kwetu. Maiti yaonekana penye mzimu unaoogopwa, na watu wasadiki kuwa mzimu ndio ulioua. Bwana Msa hana haraka: hutazama, huuliza, hulinganisha, mpaka mkono wa binadamu uonekane.

Mwaka 1968 kilitoka Kisima cha Giningi, chenye jina la mahali ambapo Waunguja hupataja kuwa makao ya wachawi. Vikafuata vingine, kama Duniani Kuna Watu mwaka 1973 na Siri ya Sifuri mwaka 1974, hata Kosa la Bwana Msa mwaka 1984, ambacho jina lake latukumbusha kuwa hata mpelelezi hodari aweza kukosea. Mwandishi alifariki mwaka 1991.

Akina baba na akina mama, wasomeeni watoto vitabu hivi. Kumsingizia jirani mauaji ni dhambi nzito, nayo imekwisha kumwaga damu ya wazee wasio na hatia. Msiba wa ghafla ukitokea, na aitwe kwanza mganga wa hospitali, na polisi ikibidi. Jina la mtu lisitajwe kwa kudhani tu.