IBN SINA: TABIBU ALIYEIJUA AFYUNI KWA FAIDA NA KWA MADHARA YAKE

 

Ndugu yangu msomaji, huku kwetu Meru na Embu maneno ya vileo na dawa za kulevya hayaishi. Miraa inatoka Igembe na Tigania, muguka unatoka Mbeere, na mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, Mahakama Kuu ya Embu ilizisimamisha amri hizo kwa muda. Kila mtu ana lake la kusema. Lakini iko dawa moja ambayo hatuizungumzii, nayo ni ya wagonjwa wenye maumivu makali. Tuyaangalie basi maisha ya mwanachuoni aliyeijua vizuri, naye alifariki katika mwezi wa Ramadhan.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Abu Ali al-Husayn bin Abdullah bin Sina alizaliwa mwaka 370 Hijria (980 Miladia) katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, ambayo leo iko Uzbekistan. Alipofika miaka kumi alikuwa ameshahifadhi Qur'ani. Fiqhi aliisoma kwa Ismail al-Zahid, na hesabu za Kihindi alifundishwa na muuza mboga! Mas-ala yakimshinda alikuwa akienda msikitini, anaswali na kumwomba Mola wake mpaka yafunguke. Vijana wenzangu, tulitie hilo akilini wakati wa mitihani.

Akiwa na miaka 16 tayari alikuwa anatibu watu. Hata miaka 18 hajamaliza, akaitwa kumtibu mfalme wa Bukhara, Nuh bin Mansur. Mfalme alipopona alimruhusu kuingia katika maktaba yake, na kwa Ibn Sina hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko dhahabu.

Baada ya kufa baba yake akaanza kuhama mji hadi mji: Gurganj, Jurjan, Rayy, kisha Hamadan. Huko alimtibu mtawala Shams al-Dawla ugonjwa wa msokoto wa tumbo, akafanywa waziri. Askari wakamwasi, na baadaye akafungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan. Hata gerezani kalamu haikukauka. Alipotoka alikimbilia Isfahan akiwa amevaa nguo za Kisufi ili asijulikane.

AFYUNI KATIKA KITABU CHAKE

Kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb kina sehemu tano. Kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na kikasomeshwa Ulaya mpaka karne ya 17. Humo alieleza habari za afyuni, utomvu wa mpopi, ile ambayo wazee wetu huiita kasumba.

Ibn Sina aliiweka juu ya dawa zote zinazotuliza maumivu kwa kutia ganzi. Hakusema itupwe, wala hakusema ipewe kila mtu. Alionya kwamba yaficha maumivu bila kuondoa sababu yake, na yaudhoofisha mwili. Akamtaka tabibu apime: je, ni maumivu yatakayomdhuru mgonjwa zaidi, au ni dawa? Maumivu yakiwa makali kiasi cha kuweza kumuua, basi dhara ya dawa ni ndogo, na apewe kwa kipimo. Mtu aliyesoma fiqhi hatashangaa, kwani hata sisi tumefundishwa kuchagua dhara iliyo nyepesi tukikutana na mbili.

KIFO CHAKE

Subhanallah, dawa hiyo hiyo ilikuja kumgusa yeye mwenyewe. Mwanafunzi wake al-Juzjani amesimulia kuwa Ibn Sina alishikwa na msokoto wa tumbo akiwa safarini na mtawala wa Isfahan. Alikuwa akinywa dawa ya mchanganyiko, na watumishi wake wakazidisha afyuni ndani yake. Walikuwa wamemwibia mali, wakaogopa kuadhibiwa akipona. Alidhoofika, akapata nafuu kidogo, kisha ugonjwa ukamrudia njiani kuelekea Hamadan. Huko alifariki Ramadhan ya mwaka 428 Hijria (Juni 1037), na huko ndiko alikozikwa.

Basi tazama: mkononi mwa tabibu afyuni ni dawa, na mkononi mwa mwizi ni silaha.

MAFUNZO KWETU SISI

Mwanzoni mwa karne ya 19 mofini ilitolewa kutoka kwenye afyuni hiyo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa hizi unakiri kwamba kwa tiba hazina budi, na sheria ya Kenya ya mwaka 1994 inaadhibu biashara haramu lakini inaruhusu matumizi ya hospitali. Shida ni kwamba hofu ilipita mpaka. Mwaka 2010 uchunguzi wa Human Rights Watch ulionyesha kuwa hospitali za serikali zilizokuwa na mofini ya kunywa zilikuwa 7 tu kati ya takriban 250. Mlango ulifungwa ili mwizi asiingie, na mgonjwa naye akabaki nje.

Na si serikali peke yake. Hata majumbani kwetu, mama mwenye saratani akiandikiwa mofini, utasikia jamaa wakisema hiyo ni haramu, ama ati atakuwa teja. La hasha! Mgonjwa anayepewa kwa kipimo na daktari si sawa na kijana anayelewa kichochoroni. Allah amemruhusu mgonjwa asifunge Ramadhan kwa sababu ya udhaifu wake. Vipi sisi tumzuilie nafuu ya usiku mmoja wa usingizi? Mjini Meru iko hospisi inayowahudumia wagonjwa kama hawa. Nendeni mkaulize kabla ya kukataa.

Na wewe unayemuuguza mzazi, chupa hiyo ni amana. Ifungie, ihesabu, usimpe mwingine hata kama naye analia na maumivu, na ikibaki irudishe hospitali. Tukiichunga amana, hakuna atakayekuwa na sababu ya kuwanyima wagonjwa.

Tumwombe Allah awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi vijana wetu, na amrehemu Ibn Sina. Amin. Wallahu aalam.